Unyayo wa Mzee Singano

Tegueni hiki, nyinyi mliokwisha kukaa vizuri. Nina mzee wa ndevu nyeupe. Mimba hajabeba wala hatabeba. Lakini kila akitaka kuingia nyumbani kwake, uchungu wa kuzaa unamshika: anainama, anakamata kiuno, anapumua kama mtu anayepuliza kuni mbichi, mpaka mlango umkubali. Nani huyo?

Msikimbilie kusema kobe. Kobe hana ndevu.

Mmeshindwa? Basi nipeni mji. Tanga siutaki, nimeukaa ujana wangu wote. Arusha mpeni mwenye sweta. Mimi nataka Vugambo, mji wa juu mlimani wenye masikio chini ya miguu ya watu. Haya, nimeupokea. Nimekwenda Vugambo, nimekula mapeasi yake, nimekanyaga mawe yake, nimerudi. Sasa tulieni niwape jibu, maana hili halijibiki kwa neno moja.

*

Ijumaa ile mwanangu Mwajabu na mumewe Hoza walinishushia mjukuu wangu Zawena hapa Mombo, na begi lake la mgongoni na mdoli wake asiye na mkono. Majirani waliambiwa kwamba wawili wale wanakwenda Vugambo kutembea, Jumamosi na Jumapili, kwa miguu, bila mtoto, kama walivyokuwa wakifanya enzi za uchumba wao. Uongo haukuwemo. Tangu Zawena azaliwe hawajawahi kulala hata usiku mmoja wakiwa wawili tu. Hoza alikuwa amevaa viatu vipya, anavitazama kila baada ya muda kama mwanafunzi wa darasa la kwanza. Mwajabu alikuwa amesuka.

"Bibi, wanakwenda kufanya nini bila mimi?" Zawena akaniuliza.

"Kutembea."

"Kutembea tu?"

"Kutembea tu. Kwani miguu ya wakubwa haitaki kucheza?"

Nikamvuta Mwajabu jikoni. Nilikuwa nakata mchicha. Nikamwuliza kama ameshaamua kuhusu yule mtu.

"Nimeamua, mama."

"Utamwacha nje mpaka afe?"

"Hapana. Nitamfungulia."

Nikaweka kisu chini. Mimi nilikuwa namwombea yule mtu afe nje, tena mvua ikinyesha, na sikuona haya kuliomba hilo kwenye mkeka wa sala. Mwajabu akanisogelea sikioni.

"Nitamfungulia, mama, ila kwa ufunguo wangu."

Akanieleza. Alipomaliza nilimtazama yule mtoto niliyemzaa, nikacheka. Walipoondoka nikaosha vyombo nikiwa bado nacheka, mpaka Zawena akaja kuchungulia kuna mgeni gani jikoni.

*

Vugambo hakuna funguo. Sijui kama mnalijua hilo. Kila jiwe la barabara zake limelazwa juu ya kitu chembamba kama ngozi ya ngoma, na ngozi ile inasikia. Inasikia uzito wako, inasikia kisigino kinavyotua na mguu upi unauburuta ukichoka. Hakuna watu wawili wenye mwendo mmoja, hata mapacha. Ukizaliwa kule, ukishajua kutembea, unatembezwa mji mzima siku mbili. Siku ya kwanza mawe yanakusikiliza, jioni yanaelezana, siku ya pili yanahakikisha kwamba ni wewe. Mwisho unafikishwa kwenye lango moja, nalo ndilo linalopiga muhuri. Kuanzia hapo unakwenda tu na vitu vinakufungukia: mlango wako, bomba la maji, duka, lifti, zahanati. Mwendo wako ndio ufunguo wako.

Na jiwe lisilokujua halikuweki. Unapita juu yake kama maji ya mvua, halibaki na chako chochote. Hilo lishikeni, tutalihitaji.

Mimba haiyasumbui mawe yale. Tumbo linakua polepole na jiwe linakua nalo. Lakini uchungu hauji polepole.

Mwajabu na Hoza waliishi kule. Mwajabu alikuwa fundi cherehani, na kila asubuhi akienda dukani alipita lango la zahanati ya wazazi, akamwamkia mlinzi wake aliyekaa kwenye kibanda cha vioo. Shikamoo mzee. Marahaba binti. Miaka yote ile. Mlinzi huyo ndiye Singano. Kibandani mwake kulikuwa na mpini wa chuma, uliowekwa hasa kwa ajili ya siku ambayo jiwe halijui lakini jicho linajua. Ukiuvuta, lango linafunguka bila kuuliza.

Siku ile mvua ilikuwa kubwa, ya mawe, watu wote wamejifungia. Hoza alikuwa kazini kiwanda cha chai, mbali. Mwajabu alikuwa na mapacha tumboni, na uchungu ukamshika kabla ya siku zake. Akatoka peke yake. Alitembea mwendo ambao hajawahi kuutembea, na mawe hayakumjua. Lango la zahanati likabaki limefungwa. Alipiga kwa mikono miwili. Mpini haukuvutwa. Muuguzi mmoja alipotokea mlango wa nyuma kumwaga maji ndipo aliposikia kilio. Kurwa alikuwa ameshakuja na ameshakwenda. Doto ndiye Zawena wangu.

Barazani Singano alisema neno moja tu, akalirudia kila alipoulizwa: jiwe halikumtambua. Mwajabu akasimama, maziwa yanamvuja kifuani ya mtoto asiyekuwepo, akamwuliza, "Uliniona?"

Sheria ya kule inamruhusu mtu kunyamaza. Akanyamaza. Ushahidi haukuwepo, maana mawe hayakuweka kitu, na kioo cha kibanda kilikuwa kimejaa ukungu wa mvua. Basi wazee wa baraza wakasema ni mzembe, labda alisinzia. Wakaamuru unyayo wake ufutwe miaka saba.

Kufutwa unyayo si jela. Unakaa mji uleule, lakini mji haukujui. Unasimama mbele ya mlango wako mwenyewe kama mbuzi, ukingoja mtu apite akufungulie. Maji unaomba. Mke wa Singano alivumilia kumfungulia na kumfungulia, mwisho akachoka, akaenda kwa dada yake Handeni. Yule mzee akawa analala chini ya ngazi za soko.

Miaka saba ikiisha, waliokosewa ndio wanaoulizwa. Wakikataa, anabaki amefutwa milele. Wakikubali, ni lazima wao wenyewe wamtembeze mji mzima, siku mbili, mmoja kulia na mmoja kushoto, mpaka lango la mwisho. Na kwa kesi ya Singano lango la mwisho lilipangwa kuwa lilelile.

*

Jumamosi asubuhi walipanda mlima kwa gari la kamba, wanakula karanga na kuonyeshana mashamba. Mwajabu aliniambia kwamba walipokuwa angani pale walikuwa na furaha, kweli kabisa, na alimlalia Hoza begani.

Singano alikuwa anawangoja kwenye ofisi ya nyayo, amesimama nje, maana mlango wa ofisi nao haukumjua. Amekonda. Amevaa koti la mtu mwingine, na ndevu zimemfika kifuani.

"Shikamoo mzee," Hoza akasema.

Mwajabu akageuka. "Unamwamkia?"

"Imetoka tu."

"Irudishe."

Singano alikuwa ameshaanza kuitikia. Ile marahaba ilifika katikati, akaimeza.

Karani alikuwa dada mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba, anakunywa chai. Akawasomea masharti kama anawasomea watoto. Mshike mkono. Msimwachie mkiwa juu ya mawe, mkimwachia yanamsahau na hakuna kuanza upya. Jioni mleteni, atalala hapa. Kesho hivyohivyo.

"Na mtakavyolifikia lango la mwisho, ndivyo atakavyobaki," akasema. "Lango lile ndilo lenye neno. Siku mbili zote linaweza kuzifuta likashika ile njia fupi ya mwisho tu. Kwa hiyo asije akachechemea kwa kuchoka, mtamwachia kilema cha maisha."

"Sheria inasema atembee vipi?" Mwajabu akauliza.

"Vipi kivipi?"

"Mwendo gani."

Karani akavua miwani. "Sheria inasema atembee, dada yangu. Haisemi zaidi."

Mwajabu akamgeukia mzee. Akainama mbele yake, mkono mmoja kiunoni, mwingine chini ya tumbo, akapanua miguu, akaburuta hatua, akasimama, akapumua kwa mdomo, akaburuta nyingine. Pale pale ofisini, na nywele zake zimesukwa vizuri.

"Hivi," akasema. "Utatembea hivi mji mzima. Leo na kesho."

Hoza akamshika bega. "Mwaja. Hukuniambia."

"Nakuambia sasa."

"Atatembea hivi maisha yake yote. Kila akitaka maji."

"Kila akitaka maji, kila akitaka kulala." Hakuondoa macho kwa mzee. "Ukikataa, sisi tunashuka na gari la mchana, na wewe rudi chini ya ngazi."

Singano akalitazama lile jiwe la mlangoni muda mrefu. "Nimekaa langoni maisha yangu yote, mama," akasema. "Najua jiwe linavyoshika. Nitatembea."

Akainama.

*

Hebu waoneni. Wamemwacha mtoto kwa bibi ili watembee mikono yao ikiwa huru, na sasa katikati yao wamemshika mkono mtoto mwingine, mwenye mvi. Hatua moja, kupumua. Hatua moja, kupumua. Kila walipopanda ngazi ilibidi wamvute. Kila waliposimama kuangalia kitu, naye anaangalia.

Kulikuwa na mambo mengi ya kuangalia. Walipita mtaa wa mafundi saa, wakapita daraja la vioo ambalo mto unaonekana chini ya viatu. Wakafika ngazi za kanisa la zamani, pale Hoza alipomwambia Mwajabu anataka kuja kwetu kuleta posa. Hoza alikuwa amepanga wakae kwenye ngazi ile ile, wawili. Wakakaa watatu.

"Hapa ndipo uliponidanganya kwamba una shamba," Mwajabu akasema.

"Sikudanganya. Nilisema nitakuwa na shamba."

"Ulisema 'ninalo'."

"Mzee, wewe ungesemaje?" Hoza akamwuliza Singano, bila kufikiri, maana alikuwa pale, mkono wake uko mkononi.

"Ningesema ninalo," Singano akajibu.

Hoza akacheka. Mwajabu akasimama ghafla, na ikabidi wote wasimame.

Sokoni wanawake wauza matunda waliwajua. Vugambo si mji mkubwa, habari ya lango haikusahaulika. Mmoja mwenye sauti kama tarumbeta, kapu la peasi kichwani, akawafuata.

"Mzee Singano! Miezi mingapi hiyo?"

Soko likacheka.

"Mpisheni jamani, chupa imeshapasuka!"

"Baba mtoto yuko wapi? Au ni huyo aliyekushika?"

Mwajabu alicheka nao. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, akanunua peasi, akalimenya kwa meno, akala katikati ya watu wale taratibu, huku ameshika mkono wa mzee kwa mkono wa pili. Aliponisimulia hapa nami nilimwomba arudie, nikacheka tena. Sisemi uongo. Peasi ile nilihisi utamu wake mdomoni mwangu.

Kwenye bomba la maji Mwajabu alimjaribu mzee. Bomba lilimfungukia yeye, kama linavyowafungukia wote linaowajua, maana mawe hayamfuti aliyehama kwa hiari yake. Akajaza kikombe, akakishika mbele ya mdomo wa mzee, hakukigusisha.

"Uliniona?" akauliza.

Singano akatazama maji.

"Miaka saba nimeiuliza dari swali hilo. Nimemwuliza mume wangu akiwa usingizini. Uliniona, au ulikuwa umelala?"

 Hoza ndiye aliyechukua kikombe, akamnywesha mzee.

*

Jioni walimrudisha ofisini, wakaenda nyumba ya wageni. Nilipiga simu baada ya magharibi.

"Amelia?" nikauliza.

"Hajalia, mama."

"Mkaze. Mpitishe na ile barabara ya kupanda."

"Tumeshapita."

"Mpitishe tena."

Zawena akaninyang'anya simu, akataka kujua wamemnunulia nini, akaambiwa peasi, akasema hilo si zawadi hilo ni tunda. Nikasikia mwanangu anacheka kwa uchovu.

Kilichofuata nilisimuliwa na Hoza, si Mwajabu. Hoza ni mtu mpole, ukimkanyaga yeye ndiye anayeomba radhi. Lakini siku ile alivua viatu vyake vipya, miguu imemvimba, akavitupa ukutani.

"Nilitaka siku mbili na mke wangu."

"Unazo."

"Sina. Nimeshika mkono wa Singano tangu asubuhi. Umetazama miguu yake kutwa nzima, mimi hujanitazama. Kila kitanda tulicholala tangu Kurwa afe, huyu mzee yumo katikati. Sasa umempa na mchana."

"Unataka nimsamehe."

"Sitaki umsamehe. Sikuja kukuomba hilo. Nataka tumtoe katikati. Atembee anavyotembea, apigwe muhuri wake, aende zake, tusimfikirie tena. Ukimpa mwendo wako, Mwaja, utakuwa umempa kitu chako. Atakuwa nacho mpaka afe. Hata sisi tukishuka mlima, wewe utakuwa huku, unatembea kila siku kwenda bombani."

Mwajabu akasema, "Kurwa angekuwa anasoma sasa. Angekuwa amepoteza viatu mara ngapi."

"Najua."

"Hujui. Wewe ulimkuta ameshafungwa kwenye kitenge. Mimi nilimsikia."

Hoza akainuka. Akaenda kuviokota viatu.

*

Nawategea kingine kidogo, mpumzike: ukimtupia mtu kinampita, kinakupata wewe uliyekitupa. Mnafikiri. Haya, mtaona.

Jumapili mzee alikuwa amechoka. Magoti yake yalikuwa kama viazi vikuu. Lakini alitembea, na mawe yalimsikiliza, yakawa yameanza kumjua. Bomba la kwanza walilolifikia lilitoa maji lenyewe. Singano akalitazama kama mtu aliyeitwa jina lake na mama yake. Mwajabu akaona. Akasema yafungeni hayo, twende.

Adhuhuri walifika uwanja wa nyuma ya shule, ambako vijana huchezea mpira siku za Jumapili. Habari za soko zilikuwa zimewafikia. Mmoja akaingiza mpira ndani ya fulana yake, akainama, akashika kiuno, akaanza kuburuta miguu. Mwingine akamshika mkono. Wa tatu akapiga magoti mbele yao na kukinga mikono.

"Oi oi oi, mama yangu, nafa, nafa!"

"Sukuma, dada, sukuma!"

Mpira ukadondoka, ukadunda, na uwanja mzima ukaanguka kwa kicheko. Wasichana waliokuwa wamekaa ukutani nao wakashuka, wakaanza kuigiza, kila mmoja na sauti yake ya kulia, kila mmoja akimshinda mwenzake.

Mwajabu aliniambia: "Mama, jana nilidhani wanamcheka yeye."

Alisimama pale ameshika mkono wa mzee, na kile kicheko kikampita Singano juu ya mgongo wake ulioinama, kikamtua yeye. Mwendo ule ulikuwa wake. Waliyekuwa wakimwigiza ni yeye, peke yake, kwenye mvua, anatafuta mtu wa kufungua mlango. Yeye ndiye aliyeuleta mjini, akautembeza siku mbili mtaa kwa mtaa, mpaka kila mtu akaujua. Na ungebaki hapo. Miaka ishirini ijayo watoto wa watoto hawa wangekuwa wanaucheza.

Hakuwafokea. Alisema tu, "Twendeni," na sauti yake Hoza hakuitambua.

*

Njia ya mwisho inaanzia kona ya duka la vitambaa, inateremka kidogo, inapita nguzo moja ya taa, inaishia langoni. Ni fupi. Ukirusha jiwe, linafika langoni. Kuna mambo ya njia ile ambayo Mwajabu hakuwahi kumwambia mtu. Si baraza, si mumewe, si mimi niliyemzaa. Hata kwa Singano siku zile mbili, alimfundisha kuinama na kuburuta na kupumua tu. Hayo mengine alibaki nayo.

Walipofika konani alisimama. Kibanda cha vioo kilikuwa palepale, kitupu. Siku hizi mpini huvutwa na mashine. Lango lilikuwa limefungwa, linangoja.

"Nyoosha mgongo," akamwambia mzee.

Singano hakuelewa. Hoza akaelewa, akavuta pumzi.

"Usinitazame hivyo, Hoza. Simsamehi. Akifa leo sitakuja mazishini." Akamgeukia mzee. "Ila sitaki wanicheze. Nyoosha mgongo, wewe. Tembea ulivyokuwa ukitembea zamani, lango likushike hivyo, uondoke machoni pangu."

Mzee akajinyoosha. Ilichukua muda, mifupa ikilia. Kumbe alikuwa mrefu. Akatazama lango kwa mara ya kwanza akiwa amesimama sawasawa, na wote watatu wakapiga hatua ya kwanza, hatua ya mtu mzima, kisigino halafu vidole. Jiwe likatoa ule mlio wake mdogo wa kusikiliza. Wakapiga ya pili.

Singano akasimama. Akatazama chini.

Halafu akainama tena.

"Nimekuambia nyoosha," Mwajabu akasema.

Hakunyoosha. Akaburuta mguu. Lakini sasa hakuwa anatembea ule mwendo aliofundishwa. Alikwenda upande, karibu na mfereji, bega likisugua ukuta wa duka, akiwavuta wote wawili. Alipofika kwenye nguzo ya taa, mzee akasimama. Akakivua kiatu cha mguu wa kushoto kwa kidole cha mguu wa kulia, polepole, akakisukuma mpaka kikakaa vizuri chini ya nguzo, kama mtu anayeacha ndala mlangoni pa wageni.

Siku ile ya mvua ndala ya Mwajabu ilikatika palepale. Aliivua, akaiweka chini ya nguzo vizuri, na hajui kwa nini aliiweka vizuri, na hakuiona tena.

Mzee akaenda mbele, kiatu kimoja. Goti la kulia likamwishia, akaliweka chini juu ya jiwe, akawavuta mikono mpaka nao wakainama. Hoza alitaka kumwinua, Mwajabu akamkataza kwa macho. Mzee akabaki pale akipumua, hesabu ya mtu anayengoja uchungu upite. Ukapita. Akainuka.

Mawe yalikuwa yanasikiliza yote. Zilipobaki hatua mbili kufika langoni, akageuza uso kushoto, kwenye kioo cha kibanda. Akainamisha kichwa kidogo, kwa adabu, kama binti anayepita mbele ya mtu mzima, na midomo yake ikasema bila sauti: Shikamoo mzee.

Hoza hakuelewa alichokiona. Lakini aliona mkewe amekuwa mweupe kama jivu. Siku ile, katikati ya mvua, na Kurwa ameshaanza kutoka, yule mwanangu niliyemfunza adabu alikiona kivuli nyuma ya ukungu wa kioo, na kwa mazoea ya miaka yote ile, kabla hajapiga lango, kabla hajalia, alimwamkia.

Walikuwa wamesimama mbele ya jiwe la mwisho. Mguu mmoja tu ulibaki, na mawe hayakuwa na mwendo mwingine wa kushika isipokuwa huu. Mzee aliuinua ule mguu usio na kiatu, akauacha hewani, akamngoja.

"Uliniona?" Mwajabu akauliza.

"Nilikuona, mama," Singano akasema. "Tangu konani. Uliponiamkia, mkono wangu ulikuwa tayari juu ya mpini. Nami sikuuvuta."